Shangazi, Vitundu na Ndoo ya Malimau

Miaka thelathini na mitatu na miezi minne! Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Shangazi atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari wa tatu nyuma ya mlango wa chumba cha beseni, na atatoka akiwa mstaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi wa maabara yetu. Sikuwa wa kwanza kuombwa. Walitangulia wasomi wawili wa ghorofa ya pili, na walichoandika kilikuwa kizito hasa, mpaka Shangazi alipokisoma akauliza huyo marehemu anayesifiwa alikuwa nani. Ndipo karatasi ikashuka ngazi ikanifikia mimi. Mnisamehe, shule yangu iliishia darasa la saba, lakini habari ninayo, tena imenijaa hadi hapa kooni.

Wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye foleni ya chai: eti Shangazi akiondoka, na beseni nalo linaondoka? Jibu lipo. Lakini kulisimulia beseni bila kumsimulia Shangazi ni kumpakulia mgeni mchuzi usio na chumvi, kwa hiyo tulieni, tutafika.

Kwa mlio ghorofa za juu, mnaotujua kwa ngurumo ya mashine ya kupoza tu: kazi ya Shangazi ni kutoboa. Anachukua bamba la alumini lenye ukubwa wa stempu ya barua, analing'arisha mpaka unaweza kuhesabu kope zako ndani yake, kisha analitumbukiza kwenye beseni la asidi baridi na kulipitishia umeme. Asidi na umeme vinaila alumini polepole na kuacha juu yake ngozi ngumu yenye vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki. Ila hivi huvioni. Kwenye upana wa unywele mmoja vinajipanga vitundu kama mia saba! Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa, kama anavyotaniwa kila mgeni kazini.

Na vitundu ni vya nini? Shangazi hueleza hivi. Chukua sahani na sponji, vyote ukubwa wa kiganja, uvichovye majini, kisha uangalie kipi kinatoka na maji mengi. Uchafu mdogo ulio ndani ya maji ya kunywa ukikuta bamba laini unateleza na kwenda zake. Ukikuta vitundu unaingia, unakaa, unaita na wenzake. Halafu tunalimulika bamba kwa taa. Mwanga mwingine unarudi kutoka juu ya ngozi, mwingine kutoka chini kabisa ya vitundu, na ukikutana unachora kwenye kompyuta mstari wa mawimbi. Vitundu vikipata mgeni, mawimbi yanasogea. Dakika chache tu na jibu unalo! Vitundu vyetu vimepakwa dawa inayopenda mafuta, kwa hiyo petroli na dizeli zikivuja kwenye kisima, hata kiasi ambacho ulimi hauonji na pua haisikii, bamba linajua.

Shangazi hakuja hapa kutoboa chochote. Aliajiriwa kama mpiga chapa, binti wa miaka ishirini na saba, mwenye vidole vyepesi na, kwa maneno yake mwenyewe, mdomo mwepesi zaidi. Mkemia wa wakati ule alikuwa anamletea ripoti za mabamba yaliyoharibika. Vitundu vilikuwa vinapinda, vinagawanyika kama mizizi, na hakuna aliyejua kwa nini. Shangazi alichapa ripoti hiyo mara saba katika miezi miwili, kila mara tarehe mpya na masikitiko yale yale. Mara ya saba aliinuka na karatasi mkononi, akabisha hodi, akauliza kwa adabu kwa nini mabamba ya watu wazima yanaugua Jumanne na Alhamisi tu.

Mkemia akacheka. Kisha akaziangalia tarehe, akaacha kucheka. Jumanne na Alhamisi ndizo siku ambazo karakana ya jirani ilikuwa inachomelea vyuma, na karakana ile ilikula umeme wa waya mmoja na sisi. Kila fundi alipogusa chuma, umeme wetu ulizama kidogo, na vitundu vikapotea njia. Wenye digrii walikuwa wameisoma asidi, wameusoma umeme, wameisoma alumini. Mpiga chapa alisoma kalenda. Mwezi uliofuata alipewa koti jeupe na glavu, na mashine yake ya chapa ikabaki inashika vumbi.

Tangu hapo ametengeneza zaidi ya mabamba elfu tisa. Na tangu hapo amekuwa bawabu wa chumba kile. Vitundu vinavyopenda mafuta havichagui mafuta ya nani, kwa hiyo ukija na losheni, manukato au pomedi ya nywele, utatoa shikamoo yako huko huko koridoni na marahaba utaipata kupitia dirisha. Kauli yake mnaijua: kabla bamba halijakunusa, nimeshakunusa mimi. Mwenzetu mmoja alikuja siku moja kabla ya harusi yake amejipulizia chupa nusu. Alifanya kazi siku nzima amesimama nje, anapokezwa karatasi kama mfungwa, na Shangazi anamwimbia nyimbo za bwana harusi kwa ndani. Yeye mwenyewe hajaja kazini na tone la manukato kwa miaka yote hiyo. Mumewe, fundi cherehani aliye mpole kama pamba, husema alioa mwanamke anayenukia maji. Alimnunulia chupa moja mwaka wa harusi yao. Imejaa hadi leo.

Sasa niingie kwenye ile ya ndoo, maana najua ndiyo mnayoisubiri, na kila anayeisimulia anaitia yake. Mwenye ndoo ni mimi, nisikilizeni mimi.

Miaka miwili iliyopita niliajiriwa hapa kufanya usafi. Binti yangu alikuwa na miezi minne, namwacha kwa mama yangu alfajiri, narudi kunyonyesha mchana. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, miezi mitatu. Mama yeyote aliyenyonyesha anajua: maziwa hayajui saa za kazi. Gauni langu lilikuwa linanukia maziwa, nikawa naona haya kupishana na watu wenye makoti meupe. Basi kila asubuhi nilimimina kwenye ndoo ile sabuni ya sakafu yenye harufu ya malimau, si kizibo kimoja kama ilivyoandikwa kwenye chupa, bali vinne, vitano, ili chumba kinukie malimau na mimi nisisikike. Nikapiga deki mpaka chini ya rafu ya mabamba. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba maabara haijawahi kunukia vizuri hivyo.

Wiki hizo hizo mabamba ya Shangazi yakawa kama yamepatwa na wazimu. Unayachovya kwenye maji safi kabisa, mawimbi yanasogea kana kwamba umeyachovya kwenye tangi la lori. Ikifika adhuhuri yanatulia. Kesho asubuhi, tena! Wakaguzi waliotakiwa kuamua kama kazi hii iendelee walikuwa wanakuja baada ya siku kumi na mbili. Maneno yakaanza koridoni, yale ya kusemwa mgongo ukishageuka: eti mikono imechoka, eti macho si yale, eti mzee apumzishwe mapema kwa heshima. Mkuu wa maabara, ambaye ni mtu mwema, alimwita ofisini na kumuuliza kwa sauti ya chini kama amewahi kufikiria kustaafu kabla ya muda. Shangazi alitoka humo akarudi kwenye chumba cha beseni. Alikaa mezani, akaomba daftari la vipimo, akaanza kusoma. Hakusoma namba. Alisoma tarehe.

Kila Jumamosi, siku ambayo hapana usafi, mabamba yote yalikuwa na akili timamu. Na bamba la kwanza kuugua liliugua siku ile ile niliyosaini mkataba.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta ameketi kwenye chumba cha beseni, mapema kuliko mimi, mikono kifuani. Akaniambia niendelee na kazi kama hayupo. Nikamimina vizibo vyangu. Akanusa mara moja tu. Akaniuliza ni vingapi. Nikajibu vitano. Akaniuliza kwa nini vitano. Hapo roho ikanipaa, nikaona mkataba wangu unapaa nayo, nikamwona na binti yangu amekosa maziwa ya kopo anayopewa na bibi yake nikiwa kazini, nikaangua kilio nikamweleza yote, gauni, maziwa, haya yangu. Nilitegemea anipe vidonge vyangu. Badala yake Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akaimwaga ile ndoo kwenye sinki, akaifudikiza, akaikalia, akaendelea kucheka. Kisha akajifuta macho akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Wewe Mama Kichanga, malimau yale si malimau, ni mafuta ya manukato. Yanapanda hewani yanaingia vitunduni. Lakini maziwa ya mtoto hayajawahi kuharibu kazi ya mtu hapa duniani."

Tangu siku hiyo jina langu ni hilo, Mama Kichanga, na nalipenda.

Mtu mwingine angelikwenda kwa Mkuu kunishitaki ili yeye asafike. Shangazi alikwenda kwa Mkuu amefurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Alimwambia mabamba hayajasema uongo hata siku moja, yamekuwa yakipiga kelele ya kweli na sisi tunayaita wendawazimu! Kama yananusa sabuni ya deki kutoka sakafuni, yashindwe nini kunusa petroli? Akaomba ndoo, chupa ya sabuni, na mimi. Kwa siku nne nilikuwa natia kizibo kizima, nusu kizibo, robo, matone kumi, tone moja kwenye ndoo nzima, na yeye amegeuka ukutani asione. Kisha anachovya bamba kwenye maji hayo na kutaja kiasi nilichotia. Alikosea mara moja tu, na hiyo mara kosa lilikuwa langu, nilipoteza hesabu ya matone.

Wakaguzi walipokuja hawakuonyeshwa michoro kwanza. Walionyeshwa ndoo. Mkaguzi mmoja, mwanamke mwenye miwani ya kamba, alitia tone mwenyewe, na mawimbi yalipoanza kusogea alisema "Aa!" kwa sauti ya mtoto aliyeona kiinimacho. Kazi ikaendelea. Mkataba wangu nao ukawa wa kudumu, na sabuni yetu ya deki ikawa ile isiyo na harufu yoyote, ambayo wengi mnailalamikia. Sasa mnajua ilitoka wapi.

Na bora iliendelea. Mwaka jana walezi wa kituo cha kulelea watoto mchana walileta chupa ya maji ya kisima chao. Walisema watoto wanayakunjia nyuso. Aliyeyaonja alisema mazuri, aliyeyanusa alisema hayana kitu. Shangazi alichovya bamba na mawimbi yakasogea. Akachovya jipya, yakasogea. Akachovya la tatu, kwa sababu si mtu wa kupiga yowe bure, kisha akavua glavu akabeba taa na kipimo chake kwenye sanduku, akaenda mwenyewe akakaa kando ya bomba kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni. Nyuma ya ukuta kulikuwa na tangi la zamani la dizeli limefukiwa na kusahauliwa, linavuja chini kwa chini. Kisima kikafungwa siku hiyo hiyo. Watoto arobaini, wenye umri wa binti yangu! Nilirudi nyumbani nikamkumbatia wangu mpaka akanisukuma.

Sasa ndiyo zamu ya beseni. Mwanzoni mwa mwaka huu Mkuu alitangaza jambo zito, na kwa haki alikuwa na sababu. Utaalamu wote umo kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo anastaafu. Kama kufikia mwezi wa kustaafu kwake hapatakuwa na mwingine anayeweza kutoa mabamba yanayosoma sawa na yake, beseni litafunguliwa vipande, chumba kitakuwa stoo, na mabamba tutaagiza mbali, yanayofika baada ya miezi. Kisima kinachoingiwa na dizeli hakisubiri miezi. Vijana wawili wasomi walijaribu. Asidi yao ilipata joto, mabamba yakaungua yakawa na madoa kama chapati iliyosahauliwa. Ndipo Shangazi akasimama kwenye kikao akataja jina la mfanya usafi. Wakacheka, si kwa ubaya, lakini kicheko kilisikika koridoni nilikokuwa napiga deki. Yeye akawakumbusha kwamba hata yeye aliingilia mlango wa mashine ya chapa.

Kufundishwa na Shangazi ni kufundishwa kwa sikio. Mashine ya kupoza ikiimba juu, asidi imepata joto. Ikinguruma chini, umeme upande polepole, volti kwa volti, hadi arobaini, na hapo usiuguse tena hata ukiitwa na mama yako. Lililoniuma kuliko yote ni ngozi ya kwanza. Unalinda bamba kwa saa tano, unatoa ngozi nzuri ya vitundu, halafu unaambiwa uiyeyushe yote! Mara ya kwanza nusura nilie. Shangazi akanieleza kwamba vitundu vya kwanza huanza ovyo, kila kimoja na njia yake, mpaka vifike chini ndipo vinapatana. Ukiiondoa ngozi ile, vimebaki vibonyeo kwenye alumini, safu kwa safu. Unarudisha bamba kwenye asidi, na vitundu vya pili vinaanzia kwenye vibonyeo hivyo, vinashuka wima kama askari. Kazi ya kwanza haionekani tena, lakini ndiyo iliyonyoosha ya pili. Alilisema hilo huku anatafuta kalamu yake, kana kwamba hajasema kitu.

Wiki tatu zilizopita mtihani ukafanyika. Mabamba matano ya Shangazi, matano yangu. Mkuu aliyaandika alama kwa nyuma, akayachanganya, akayachovya moja baada ya jingine kwenye maji yenye kiasi kile kile cha petroli, sisi tumesimama mikono nyuma. La kwanza likasogea. La pili, pale pale. La tatu, pale pale! Nilikuwa nimeshika pindo la koti langu nalisokota kama kamba. Yalipofika kumi, mistari yote kumi ilikuwa imelaliana kwenye kompyuta mpaka huwezi kuitenganisha. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha, kwa utani tu, akamwambia Shangazi atenge ya kwake. Shangazi hakusita. Alichukua kibanio, akageuza kila bamba kwenye mwanga, akatenga matano kulia. Haya ndiyo yangu, alisema, angalia yalivyotulia, haya yamelelewa. Matano ya kushoto akayatikisia kichwa. Haya ya Mama Kichanga, haraka haraka, rangi imekimbilia pembeni, lakini tusimvunje moyo, atakua tu. Mkuu akayageuza. Katika yale matano aliyoyakosoa, manne yalikuwa ya kwake mwenyewe.

Shangazi aliangaza macho kutafuta kiti, hakukuwa na kiti. Kulikuwa na ndoo yangu. Akaifudikiza, akaikalia, na akacheka kile kicheko chake cha miaka miwili iliyopita, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Alipopata pumzi alisema maneno mawili tu: "Naweza kwenda."

Basi jibu la foleni ya chai ndilo hilo. Beseni linabaki!

Shangazi, wafanyakazi wote tumekuchangia zawadi, na kwa kuwa huna subira nakutajia hapa hapa: ni chupa ya manukato, kubwa, ya maua, yenye harufu inayovuka barabara. Jipulizie yote. Mnunulie na mumeo shati la kufanana nayo. Waoge nayo wajukuu zako Jumatatu asubuhi, wakati sisi tunaparuza sakafu kwa sabuni isiyonukia kitu. Asante kwa kusoma tarehe pale wengine waliposoma makosa ya watu. Asante kwa niaba ya watoto arobaini wasiokujua, na mmoja anayekujua, ambaye akiona koti jeupe popote huita Shangazi. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, na miaka mingi ya kunukia unavyotaka.

Ombi moja tu. Ijumaa, saa kumi, ukishakabidhiwa chupa hiyo, tafadhali uifungulie nje ya geti. Usiifungulie koridoni, wala mlangoni. Shikamoo zetu tutakupa kupitia dirisha.

Ndani kuna mabamba yanakauka.